Kati ya Mlango wa Ndege na Mlango wa Treni

(Hotuba hii niliitoa mbele ya watu wanaojiandaa kwa safari za mbali. Wengi hawakuweza kufika wakaniomba niiandike, basi naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Hazikuwa na maana kubwa.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wenye treni ya kuwahi: asanteni kwa kunialika.

Naomba nianze kwa swali. Ndege ikichelewa, wa kumdai yupo. Shirika lina kaunta, lina namba ya simu, lina mtu wa kukusikiliza hata kama hataki kukusikiliza. Treni nayo ikichelewa, wa kumdai yupo. Sasa niambieni: ndege imechelewa saa moja na nusu, umetua, umekimbia na begi lako, umefika stesheni unahema, na treni uliyoikatia tiketi imeondoka dakika nne zilizopita. Unamdai nani?

Mmenyamaza. Na mimi nilinyamaza hivyo hivyo siku yaliponikuta.

Wa ndege atakwambia: tulikuahidi uwanja wa ndege, na uwanjani tumekufikisha. Wa treni atakwambia: treni yetu iliondoka kwa wakati wake, wewe ndiye hukuwepo. Na kila mmoja, kwa hesabu zake, anasema kweli. Ndugu zangu, kati ya mlango wa ndege na mlango wa treni kuna kipande cha safari ambacho hakina mwenyewe. Nimepangia watu safari kwa miaka mingi. Machozi mengi niliyoyashuhudia hayakumwagika angani wala relini. Yalimwagika kwenye kipande kile.

Wala si maneno ya watu wa kaunta tu. Upo Mkataba wa Montreal wa 1999, ndio unaosimamia wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria wa safari za kimataifa. Kifungu cha 38 kinazungumzia safari iliyochanganya ndege na chombo kingine, na kinasema mkataba huo unahusu ile sehemu ya ndege tu. Ndiyo, unaweza baadaye kudai hasara uliyoipata kwa sababu ndege ilichelewa. Lakini hayo ni mambo ya barua na viambatisho na miezi ya kusubiri. Usiku ule ule, pale stesheni, hakuna anayewajibika kukutafutia treni nyingine. Kipande kile hakina mwenyewe, na asiye na mwenyewe hulelewa na anayemhitaji. Anayemhitaji ni nani? Ni wewe.

Msidhani kipande hiki kinawashinda abiria peke yao. Kimewashinda hata wajenzi. Nitawasimulia habari ya uwanja wa Mirabel, nje ya Montreal, kule Kanada. Ulifunguliwa mwaka 1975, na walioubuni waliota makubwa: ardhi waliyoutengea ilikuwa kubwa kuliko ya uwanja mwingine wowote duniani. Ulikuwa umbali wa kilomita 55 hivi kutoka mjini. Wakasema haidhuru, treni ya haraka itakuja. Hata nafasi ya stesheni wakaiacha chini ya jengo la abiria. Ndege za kimataifa zikahamishiwa huko, zile za ndani zikabaki Dorval, uwanja wa zamani ulio karibu na mji. Anayeunganisha safari ikabidi apande basi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Treni ilikuja? Haikuja. Ilingojwa mwaka wa kwanza, ikangojwa wa pili, ikapita miaka karibu thelathini. Mashirika yakahama moja moja, na mwaka 2004 ndege za abiria zikakoma kabisa. Miaka kumi baadaye jengo likaanza kubomolewa, na ile stesheni ya chini haijawahi kuona treni hata moja. Sitasema treni peke yake ingeuokoa uwanja ule. Yalikuwepo na mengine. Lakini najiuliza hadi leo: ni mtu gani anayejenga mlango halafu asijenge njia ya kuufikia?

Narita, kule Japani, karibu yawe yale yale. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1978, na chini ya jengo kulikuwa na stesheni iliyoandaliwa kwa treni ya kasi ambayo mpango wake ulikuja kuachwa. Abiria wa treni ya kawaida walishukia stesheni iliyo pembeni, wakamalizia kwa basi. Hadi mwaka 1991 ndipo treni zilipoingia chini ya jengo, zikaitumia stesheni iliyokuwa imelala gizani miaka kumi na mitatu. Na Berlin mambo yaligeuka kinyume. Stesheni ilikuwa tayari, reli tayari, uwanja wenyewe ndio haukuwa tayari. Ulitakiwa ufunguliwe Juni 2012, ukaja kufunguliwa Oktoba 2020. Miaka yote ile treni tupu, bila abiria hata mmoja, zilikuwa zinapitishwa kwenye handaki ili hewa ya chini isichache. Treni inakwenda uwanja wa ndege kupeleka hewa! Nikiikumbuka hucheka peke yangu.

Nawaambia haya ili mjue ya kwamba reli na uwanja wa ndege vina baba tofauti. Walipokaa meza moja tangu mwanzo, kama pale uwanja wa Gatwick, Uingereza, mwaka 1958, ambako jengo la abiria liliunganishwa na stesheni ya reli iendayo London upande mmoja na Brighton upande mwingine, msafiri hushuka ngazi akajikuta jukwaani. Waliposusiana, msafiri ndiye hulipa.

Sasa nije kwenu. Jambo la kwanza ninalowaomba: msiamini jina.

Narudia: msiamini jina. Upo uwanja unaoitwa Frankfurt-Hahn. Ukisikia Frankfurt unafikiria nini? Unafikiria Frankfurt. Basi uwanja huo uko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt, na hauna stesheni ya treni ya abiria. Ule uwanja mkubwa wa Frankfurt wenyewe una stesheni mbili, moja ya treni za mkoa na moja ya treni za masafa marefu, iliyofunguliwa mwaka 1999. Mtu amekata tiketi ya ndege ya bei chee kwenda "Frankfurt", amekata na tiketi ya treni kutoka uwanja wa "Frankfurt", na karatasi zote mbili ziko sahihi kabisa. Kosa liko kati ya karatasi na karatasi. Si nimewaambia kipande kile hakina mwenyewe?

Mimi mwenyewe jina limenidanganya, tena nikiwa tayari mtu wa kazi hii. Nilishuka stesheni iliyoandikwa jina la uwanja kwa herufi kubwa, nikashusha mabegi, treni ikaondoka. Nikageuka kutafuta uwanja. Nikaona maegesho ya magari na kibao cha basi. Uwanja wenyewe ulikuwa mbali, na basi la kwenda huko lilikuwa limetoka muda huo huo. Ndege niliiwahi, ila niliingia nikiwa wa mwisho, shati limelowa, na abiria wenzangu wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha. Na kweli ndiye. Tangu siku ile huwa sisomi jina la stesheni; nasoma ramani, nauliza kitu kimoja tu: kutoka jukwaani hadi kaunta, natembea au napanda kitu kingine?

Liko na jingine, nalo ni kasi. Treni ya haraka siyo lazima ikufikishe haraka. Shanghai ina treni inayoelea kwa nguvu ya sumaku kutoka uwanja wa Pudong. Kilomita 30 kwa dakika nane hivi, na kwa miaka mingi ilikuwa ikifikia kilomita 431 kwa saa. Ukiwa ndani unaona magari ya barabara kuu kama yanarudi nyuma. Halafu inasimama. Inasimama wapi? Longyang Road, ambako bado hujafika katikati ya mji, bado hujavuka mto. Unashuka na mabegi yako, unatafuta metro, unaanza upya. Lakini mji huo huo una uwanja wa pili, Hongqiao, ambako tangu mwaka 2010 stesheni kubwa ya treni za kasi na jengo la abiria wa ndege viko pamoja. Unatoka kwenye mkanda wa mizigo, unatembea, unafika jukwaani. Mji mmoja, na unazo zote mbili: treni ya ajabu isiyofika, na mwendo wa miguu unaofika. Mimi nikipewa kuchagua, nachagua miguu.

London vivyo hivyo. Heathrow Express, treni ya uwanja wa Heathrow, inakufikisha stesheni ya Paddington kwa dakika kumi na tano. Vizuri sana, kama unakwenda Paddington. Kama treni yako ya kuendelea inaondokea stesheni ya Liverpool Street, treni ya Elizabeth, iliyoanza 2022, inakwenda polepole zaidi lakini inapita katikati ya mji bila wewe kushuka. Na kama unaelekea magharibi mwa Uingereza, kuingia London kwanza ni kurudi nyuma: lipo basi linalotoka Heathrow moja kwa moja hadi stesheni ya Reading, na huko ndiko treni za magharibi zinakopita. Wakati mwingine, ndugu zangu, treni bora ni basi. Watu wa reli wanisamehe.

Jambo la pili, na hapa naomba utulivu kidogo, ni saa.

Ndege imefika lini? Nauliza tena: ndege imefika lini? Ikigusa lami? Ikisimama? Mlango ukifunguliwa? Mnaona kama nawachezea, lakini swali hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2014. Abiria mmoja alisafiri kutoka Salzburg kwenda Cologne/Bonn, ndege ikachelewa. Magurudumu yaligusa lami ikiwa imechelewa saa mbili na dakika 58. Ilipofika mahali pa kuegesha, ilikuwa imechelewa saa tatu na dakika tatu. Mlango ukafunguliwa muda mfupi baadaye. Na fidia, kwa kanuni zao, huanza kwenye saa tatu. Mnaona utamu wa kesi? Shirika linasema tumefika tulipogusa lami. Abiria anasema mimi bado nilikuwa nimefungwa mkanda.

Mahakama ikasema: ndege imefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria akaruhusiwa kutoka. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya hapo mtu yuko ndani ya kopo lililofungwa, hawezi kuendelea na shughuli zake. Maneno ya kopo ni yangu, ila maana ni yao.

Basi hesabu yako ianzie mlangoni. Na ukitoka mlangoni, nini kinafuata? Pengine ngazi na basi la uwanjani, linalongoja hadi abiria wa mwisho ashuke, naye huyo wa mwisho daima hana haraka. Foleni ya pasipoti. Mkanda wa mizigo, ambao huzunguka mtupu kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Forodha. Halafu kutembea, na viwanja vikubwa ni miji. Halafu mashine ya tiketi inayokuuliza maswali kwa lugha usiyoijua huku watu watano wamekusimamia mgongoni. Halafu jukwaa, nalo liko chini, na lifti imejaa mabegi. Kila kimoja kati ya hivyo ni kidogo. Vyote pamoja vinakula saa moja na nusu, na hapo hakuna lililoharibika.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutoka ndege kwenda treni, na kutoka treni kwenda ndege, si safari moja iliyogeuzwa. Ni safari mbili tofauti. Unaposhuka ndege ukaikosa treni, umekosa nini? Mara nyingi umekosa treni moja, na saa moja baadaye ipo nyingine. Unapotoka kwenye treni ukaikosa ndege, umekosa nini? Umekosa bahari nzima ya kuvuka. Pengine hadi kesho, pengine kwa tiketi mpya. Hasara haziko sawa, basi tahadhari nazo zisiwe sawa.

Mimi nafanya hivi. Nikishuka ndege, sikati tiketi ya treni iliyofungwa kwenye treni moja tu, ile ya bei ya chini isiyobadilishika. Naikata inayoniruhusu kupanda yoyote ya siku hiyo, au naikata palepale nikishafika. Naonekana mbadhirifu, lakini tiketi rahisi uliyoikosa ndiyo ghali kuliko zote. Nikienda kupanda ndege, siangalii saa ya kuruka. Naangalia saa kaunta ya mizigo inapofungwa, ambayo kwa safari za mbali huwa mara nyingi saa nzima kabla, wakati mwingine zaidi. Halafu natafuta treni ambayo hata ikifutwa, ile inayoifuata bado itanifikisha kabla ya saa hiyo. Si treni ya mwisho inayowahi. Ni ile ya kabla yake. Na kama ndege ni ya alfajiri sana, sitafuti treni kabisa. Nalala karibu na uwanja usiku uliotangulia.

Kijana mmoja aliniambia, "Mzee, hiyo ni kukaa uwanjani masaa bure." Nikamwambia ndiyo. Kukaa uwanjani bure ni bei, tena nafuu.

Na msitegemee kwamba treni ikikuponza, fidia yake itakununulia ndege nyingine. Kanuni za reli za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Juni 2023 zinampa abiria asilimia 25 treni ikichelewa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120. Asilimia ya nini? Ya nauli ya treni. Ndege iliyoondoka bila wewe haimo kwenye hesabu hiyo.

Jambo la tatu ni tiketi, na hapa ndipo kile kipande hupata mwenyewe, ukiwa na bahati.

Zipo safari ambazo ndege na treni ziko kwenye tiketi moja, namba moja ya kuhifadhi nafasi. Lufthansa wanazo na reli ya Ujerumani kupitia Frankfurt. Air France wanazo na reli ya Ufaransa. KLM wana treni kati ya Ubelgiji na Schiphol, uwanja wa Amsterdam. Kwenye tiketi ya namna hii treni hupewa namba ya safari kama ndege, na ndege ikichelewa ni kazi yao kukupandisha treni nyingine. Kipande kimepata mwenyewe! Ila ulizeni kwanza, maana zipo pia tiketi za treni zinazouzwa kama nyongeza ya tiketi ya ndege, na humo kuwahi uwanjani ni juu yako. Zinafanana kwa sura. Swali la kuuliza kaunta ni hili, lichukueni kama lilivyo: "Nikikosa kuunganisha kwa sababu chombo chenu kimechelewa, nani ananipa nafasi nyingine?" Akisita, mna tiketi mbili. Na waliotutangulia walishasema, mshika mawili moja humponyoka.

Tiketi moja nayo ina mitego yake. Nitawapa miwili.

Kila uwanja wa ndege una herufi zake tatu, hilo mnalijua. Wachache wanajua ya kuwa hata stesheni za treni zimepewa herufi hizo. Uwanja wa Stuttgart ni STR. Stesheni kuu ya Stuttgart ni ZWS. Uwanja wa Cologne/Bonn ni CGN. Stesheni kuu ya Cologne ni QKL. Uwanja wa Brussels ni BRU. Stesheni ya Midi ni ZYR. Nilikuwa na kijana nimempangia safari inayoanza kwa treni namna hiyo, na kosa ni langu, nilidhani anajua. Siku ya safari akawahi. Akafika uwanja wa ndege wa mji wake saa tatu kabla, amevaa vizuri, amenyoa. Akatafuta safari yake kwenye ubao. Namba haipo. Akangoja itokee. Haikutokea. Alinipigia dakika ishirini kabla ya muda wa kuondoka, ananiambia ndege imefutwa. Namuuliza, "Uko wapi?" Ananiambia, "Uwanja wa ndege." Nikashika kichwa. Ndege yake ilikuwa treni, nayo ilikuwa inamsubiri katikati ya mji.

Kutoka pale hadi stesheni ni zaidi ya nusu saa. Nikalipigia shirika la ndege papo hapo, kabla treni haijaondoka, wakamhamishia treni iliyofuata kwa faini. Alifika. Angekuwa na tiketi mbili, nisingekuwa na mtu wa kumpigia.

Mtego wa pili ulimnasa mama mmoja, mtu mzima, mwenye akili zake. Tiketi yake ilianza kwa treni kutoka mji wa mbali hadi uwanjani, halafu ndege. Siku mbili kabla akaenda kumtembelea mwanawe aishiye karibu na uwanja huo. Akafikiri, kama ambavyo mimi na wewe tungefikiri: mbona nirudi kule mbali ili nipande treni ya kuja hapa nilipo? Akaacha treni, akaenda kaunta moja kwa moja. Akaambiwa tiketi yake haipo tena. Ukiacha kipande cha kwanza cha tiketi moja, mashirika mengi hufuta vyote vinavyofuata, hata tiketi ya kurudi. Na treni ni kipande. Alilia pale kaunta, na aliyemhudumia alimhurumia kwa dhati, lakini kompyuta haikumhurumia. Kumbe ingetosha kupiga simu kabla, kubadilisha, pengine kwa kulipia.

Mizigo nitaipitia haraka. Hong Kong ilipofungua treni yake ya uwanjani mwaka 1998 iliweka kaunta mjini, unakabidhi begi kabla ya kupanda treni. Vienna nako waliweka huduma kama hiyo kwenye treni yao ya uwanjani. Kwingineko kwingi, begi ni lako kutoka mkandani hadi nyumbani, hata kama tiketi ni moja. Someni lebo wanayofunga kwenye begi: zile herufi tatu ndizo mwisho wa safari ya begi. Wapo mume na mke waliofika stesheni ya mji wao kwa treni, mikono mitupu, wakangoja mabegi jukwaani. Mabegi yalikuwa yanazunguka uwanjani, kilomita nyingi nyuma yao. Na kama begi huwezi kulipandisha ngazi mwenyewe, usilibebe. Kwenye treni hakuna wa kukupandishia.

Halafu usiku. Treni zina saa ya kulala, ndege hazina. Gautrain ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa Juni 2010 siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, inakutoa O.R. Tambo, uwanja wa Johannesburg, hadi Sandton kwa robo saa hivi, lakini haikeshi. Ukitua usiku mwingi utaikuta imefungwa. Kabla ya kukata tiketi ya ndege inayotua usiku, tafuteni treni ya mwisho inaondoka saa ngapi, na kama tarehe hiyo reli haifanyiwi matengenezo, maana matengenezo hupenda usiku na mwisho wa juma. Kisha jiulizeni: ndege ikichelewa saa moja, nitalala wapi? Jibu muwe nalo kabla ya kuondoka. Likiwa la kulipia, sawa. Likiwa ni benchi, sawa pia, mimi nimelala benchi na niko hai. Ila mlijue.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Lakini kuna mama pale mbele ameinua mkono muda mrefu, naomba nimjibu yeye kisha nikae.

Anauliza: je, niko ndani ya treni naelekea uwanjani, treni imesimama porini, na naona kabisa kwamba ndege naikosa. Nifanye nini?

Mama, usingoje ufike. Ukiwa umekaa palepale kwenye kiti, piga simu shirika la ndege kabla ndege haijaondoka. Waambie uko njiani, treni imekwama, waombe wakuhamishe, na waulize kwa jina tiketi yako ya kurudi: bado iko hai? Ukikawia hadi ndege iruke, utahesabiwa kama mtu asiyetokea, na hapo mazungumzo huwa magumu. Pili, mtafute kondakta, omba uthibitisho wa maandishi kwamba treni ilichelewa na kwa muda gani. Usitupe tiketi ya treni; kama una bima ya safari watakuomba hiyo kabla ya kukuuliza hali yako. Kisha, ukishamaliza hayo mawili, mpigie yule anayekuja kukupokea upande wa pili, kabla hajatoka nyumbani.